Vidoa Vyekundu Havitoshi: Kupima Hatari ya Moto Kichaa Mufindi na Nyanda za Juu Kusini

Fungua ramani ya moto ya NASA, shirika la anga la Marekani, mwezi Septemba, uisogeze hadi Tanzania. Katavi, Rukwa, Tabora, Ruvuma na Lindi zimejaa vidoa vyekundu kama upele. Mufindi, Njombe na Makete zina vichache tu. Ofisa wa mipango akihesabu vidoa ataona fedha za kudhibiti moto zinastahili kwenda magharibi na kusini mashariki. Wakati huohuo mkulima wa Mufindi mwenye ekari nne za misindano (misonobari) ya miaka kumi, ambazo ndizo ada ya watoto na bati la nyumba, yumo hatarini kuliko msitu wa miombo unaoungua kila mwaka na kuchipua tena mvua zikinyesha.

Kidoa kinaonyesha moto ulipokuwa. Hatari inahitaji mambo matatu yapimwe, kila moja peke yake, kabla ya kuyaunganisha: uwezekano wa moto kufika mahali fulani, ukali wake ukifika, na kitakachopotea. Tathmini nyingi za vijijini huishia kwenye jambo la kwanza. Wengine huyachanganya yote matatu kwenye neno moja, "hatari kubwa", lisilomwambia mtendaji wa kijiji afyeke wapi kesho asubuhi.

Miombo imekua na moto kwa maelfu ya miaka. Miti yake mikubwa ina magome manene, na iliyokatwa au kuungua juu huchipua kutoka shinani. Hata hivyo haivumilii kila moto. Majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930, yalilinganisha vipande vilivyochomwa mapema mwanzoni mwa kiangazi, vilivyochomwa mwishoni, na vilivyolindwa visiungue kabisa. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti na kugeuka kuwa nyasi. Nyasi zilezile zikichomwa Mei au Juni, wakati nusu yake bado ni mbichi, moto huenda kwa mabaka na kufa wenyewe umande ukishuka. Kwa hiyo hata palipo na vidoa vingi, idadi yake haisemi kitu bila mwezi.

Msindano ni habari nyingine. Mche wa miaka mitatu una gome jembamba na matawi yanayogusa nyasi. Moto ukipita chini, mti mzima umekwenda. Taji likiungua, msindano unaopandwa kwetu hauchipui. Mlingoti (mkaratusi) huchipua kisikini, lakini miaka ya kusubiri nguzo inaanza upya.

Kazi inaanza kwa kukaa chini. Wazee, warina asali, wachungaji, akina mama wanaookota kuni na wenye mashamba ya miti wachore kijiji ardhini kwa majivu na vijiti, na nusu siku inatosha. Kisha kijiji kigawanywe vipande kwa kufuata vitu ambavyo moto wenyewe unavijali: kijito, barabara, ukingo wa shamba la miti, badiliko la mteremko. Mipaka ya vitongoji haifai hapa, kwa sababu moto hauitambui. Vipande ishirini hadi arobaini vinatosha kijiji cha kawaida. Ukizidisha, hakuna atakayerudi kuvipima mwaka ujao.

Kwa kila kipande uliza kiliungua mara ya mwisho lini, mwezi gani, na nani alikuwa anafanya nini siku hiyo. Swali la tatu ndilo lenye thamani, na ndilo linaloogopwa, kwa hiyo liulizwe bila kutaja majina: "Siku ile watu walikuwa kwenye kazi gani?" Nyanda za Juu Kusini jibu mara nyingi ni vinyungu. Bustani hizi za mabondeni huandaliwa kiangazi, majani yanakusanywa na kuchomwa, na bonde lenyewe ni bomba linalosukuma hewa kupanda mlimani, mchana, kuelekea kwenye misindano. Baada ya vinyungu wanafuata warina asali wanaoacha kijinga cha moto, wawindaji wa wanyama wadogo, wachomaji mkaa, wafugaji wanaotaka majani mapya, na ugomvi wa mipaka. Radi ni chanzo adimu, kwani kwetu huja na mvua. Kila chanzo kina saa yake na njia yake ya miguu, na ukizichora hizo umeshapata nusu ya ramani ya uwezekano.

Kumbukumbu za watu zilinganishwe na setilaiti, kila upande ukikosoa mwenzake. Kifaa cha setilaiti kiitwacho VIIRS huona kwa vipande vya mita 375, sawa na hekta 14 hivi. Kile cha zamani, MODIS, ni kilomita moja, yaani hekta 100. Kidoa huwekwa katikati ya kipande hicho, kwa hiyo kidoa kilichoangukia shamba la jirani si ushahidi dhidi yake, na asishtakiwe mtu kwa kidoa. VIIRS hupita juu yetu mnamo saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto ulioanza saa kumi jioni ukazimwa saa mbili usiku haupo kwenye ramani. Moto mdogo wa kinyungu wa robo ekari huenda usiwepo. Uliowaka chini ya wingu haupo. Ili kuona makovu yenyewe, picha za setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, zinazoonyesha vipande vya mita 10 hadi 20 na zinazorudi kila baada ya siku tano, zinafaa zaidi, na hupatikana bure.

Ukali hupimwa kwa mizani. Tengeneza fremu ya mraba ya mita moja kwa moja, kwa mbao au chuma. Katika kila kipande itupe mahali kumi bila kuchagua. Kata kila kilicho ndani ya fremu hadi usawa wa ardhi, kusanya na majani makavu yaliyoanguka, pima kwa mizani ya kuning'iniza. Chukua gramu 200 za mchanganyiko, zifunge kwenye mfuko wa plastiki palepale zisipoteze unyevu njiani, kisha zikaushe. Maabara hutumia tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24. Kijijini zianikwe juu ya bati na kupimwa kila jioni hadi uzito usipungue tena, ukijua bado zimebakiwa na unyevu kidogo. Uzito mkavu kwa mita ya mraba, kwa kilo, ukizidisha kwa kumi, ni tani kwa hekta. Vipimo kumi vikipishana sana, ongeza vingine kumi. Kwa kawaida ni dalili kwamba umeweka maeneo mawili tofauti katika kipande kimoja.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kupima Juni kwa sababu fedha za mradi zimefika Juni. Nyasi zina uzito, lakini bado ni mbichi. Kinachotakiwa ni hali ya Septemba na Oktoba, baada ya baridi kali ya Juni na Julai kuziua nyasi za mabonde ya Mufindi, Njombe na Makete kwa sakitu, na baada ya miezi mitatu zaidi bila mvua. La pili ni kuchanganya magogo na vitu vyembamba. Mbio za moto hutokana na vilivyo vyembamba kuliko penseli: nyasi, sindano, vijiti. Gogo huamua moto utakaa mahali kwa siku ngapi na utaunguza udongo kiasi gani. Magogo yapimwe na kuandikwa peke yake.

Ndani ya shamba la misindano, angalia kwa jicho la mtu anayepanda ngazi. Chini kuna tabaka la sindano. Juu yake kuna matawi yaliyopogolewa na kuachwa kati ya mistari. Juu yake kuna mashiu (kangaga) makavu na mimea inayotambaa. Kisha matawi mafu ambayo hayakupogolewa, kisha taji. Ngazi hiyo ikikamilika, moto wa ardhini hupanda juu, na moto wa juu hauzimwi na watu. Kupogolea hadi mita mbili huondoa vidato vya katikati, lakini mwenye shamba akiyaacha matawi pale yalipoanguka ameyahamishia chini tu. Mwaka wa kupogolea, shamba lisilosafishwa lina hatari kubwa kuliko mwaka uliotangulia. Wakulima wengi huamini kinyume chake, maana shamba linaonekana safi ukilitazama ukiwa barabarani.

Sasa hesabu. Mtafiti wa Marekani George Byram alitoa mwaka 1959 kanuni ambayo bado inatumika dunia nzima: joto la kilo moja ya majani makavu, takriban kilojuli 18,000, zidisha kwa kilo zinazoungua katika mita ya mraba, zidisha kwa mwendo wa moto kwa mita kwa sekunde. Jibu ni kilowati kwa kila mita ya mstari wa moto. Mwendo unaupata kwa kuuliza: moto ule ulitoka kijitoni hadi barabarani kwa muda gani? Ikiwa ni mita 600 kwa dakika 20, ni nusu mita kwa sekunde. Kwenye tani 5 kwa hekta, yaani nusu kilo kwa mita ya mraba, unapata kilowati 4,500, na ndimi zenye urefu wa karibu mita tatu na nusu hadi nne. Watu wenye matawi mabichi, reki na pampu za mgongoni huweza kuukabili moto uso kwa uso hadi kiasi cha kilowati 350, ndimi zikiwa za mita moja na robo hivi. Kwa tani hizohizo 5, mpaka huo unafikiwa moto ukienda zaidi kidogo ya mita mbili kwa dakika. Mtu anayetembea polepole ana kasi mara nyingi zaidi ya moto huo, na tayari umeshamshinda kuuzima kwa mbele.

Hesabu hiyo inabadili maana ya kikosi cha kijiji. Kikosi cha watu thelathini hakizimi moto wa saa nane mchana wa Oktoba. Kinaweza kuubana ubavuni kutokea kwenye majivu, kuuzuia usipanuke, na kuungoja barabarani au usiku. Ramani inayosema kipande fulani kina ndimi za mita nne inawaambia vijana wasitumwe mbele yake, na kwamba kazi ya kipande hicho ilitakiwa ifanyike Juni, kwa fyekeo.

Mteremko upimwe, usikadiriwe kwa macho. Moto unaopanda huongeza mwendo takriban mara mbili kwa kila nyuzi kumi za mwinuko. Nyuzi kumi ni kupanda mita 1.8 hivi kwa kila mita kumi za mlalo. Vijiti viwili, kamba na pimamaji vinatosha, na simu nyingi zina kipimo hicho. Kipande chenye nyuzi ishirini kina moto wa kasi mara nne ya ule wa tambarare kwa nyasi zilezile. Pale palipo na korongo jembamba linalopanda kuelekea nyumba au shule, ongeza daraja zima bila kusita.

Kuna kanuni maarufu ya thelathini tatu: joto zaidi ya nyuzi 30, unyevu wa hewa chini ya asilimia 30, upepo zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Kwa nchi za joto ni kipimo cha haraka. Kwa Mafinga, iliyo juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, inapotosha, kwa sababu joto halifiki huko na moto mbaya unatokea hata hivyo. Kinachofaa kufuatiliwa ni unyevu wa hewa na upepo wa kusi, unaoamka saa nne asubuhi na kukaza mchana. Chukua konzi ya sindano au nyasi zilizolala, zivunje: zikikatika kwa mlio, usichome chochote siku hiyo, hata kama umevaa koti.

Vitakavyopotea ndiyo sehemu inayofanywa kwa uvivu kuliko zote. Kuandika "nyumba 240" hakusaidii. Nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa moto. Zinaunguzwa na cheche iliyotangulia. Zunguka kila nyumba iliyo pembezoni na uandike: paa ni bati au nyasi; kuna uwazi kati ya ukuta na paa ambamo cheche huingia hadi kwenye dari au akiba ya mahindi; kuni zimerundikwa ukutani au mbali; jiko la nje limeezekwa kwa nini; nyasi ndefu zimesogea hadi mita ngapi. Nyumba ya bati yenye mita kumi za uwanja uliofagiliwa, kama bibi zetu walivyofagia, mara nyingi hubaki imesimama katikati ya majivu. Nyumba ya bati yenye jiko la nyasi linaloigusa ina hatari ya nyumba ya nyasi, iandikwe hivyo.

Kisha watu wenyewe. Nani yuko nyumbani saa nane mchana? Wazee, wagonjwa, watoto wadogo. Kitongoji kina njia ngapi za kutoka, na moto wa kusi utaziba ipi kwanza? Maji yako wapi Oktoba, si Machi? Kuna kisima kitakachojaza pampu kumi bila kusubiri saa nzima?

Na ardhi yenyewe ina thamani isiyo na mwenye kudai. Misitu ya asili ya Mufindi hulisha mito kama Kihansi na Ruaha Mdogo, na moto unaoingia pembezoni mwake hurudi kila mwaka mita chache ndani zaidi, kwa sababu ukingo ulioungua huota mashiu na nyasi, navyo ni chakula cha moto unaofuata. Kilimanjaro inafundisha jambo hilohilo kwa ukubwa. Moto ulioanza Oktoba 11, 2020 uliteketeza takriban kilomita za mraba 95, sehemu kubwa ikiwa vichaka vya erika vya juu ya msitu. Mimea hiyo hunasa maji ya ukungu, na kwa baridi ya juu kule hurudi polepole sana. Ukiipa alama ya "vichaka" kwenye jedwali, umeiandika kama kitu kisicho na mwenyewe.

Sasa kuunganisha, na hapa lazima niseme wazi kwamba sikubaliani na miongozo mingi. Jedwali la kawaida hutoa alama moja hadi tano kwa uwezekano, moja hadi tano kwa madhara, kisha huzidisha. Nyasi zinazoungua kila mwaka bila kuumiza mtu hupata tano mara moja. Misindano ya kitongoji kizima inayoweza kuungua mara moja kwa kizazi hupata moja mara tano. Zote ni tano, na kamati inapiga kura. Alama hizo ni majina ya ngazi, hazikuumbwa kuzidishwa.

Afadhali useme kwa mwaka na kwa miaka ya kusubiri. Tuseme wazee wanakubaliana kwamba mashamba ya upande fulani huingiwa na moto mara moja kwa miaka ishirini. Ni asilimia 5 kwa mwaka, na kila mtu anapumua. Lakini msindano unangoja miaka 15 hivi kabla ya kuvunwa. Nafasi ya kupita miaka yote 15 bila moto ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 15, yaani asilimia 46. Mwenye shamba ana uwezekano wa asilimia 54 wa kuungua kabla ya kuvuna. Mwonyeshe namba hiyo kwenye mkutano wa kijiji na hutahitaji kumshawishi zaidi kuhusu kufyeka. Hasara ya mali iandikwe kwa shilingi. Maisha ya watu yawekwe safu yake peke yake, yasibadilishwe kuwa shilingi, na kipande chochote chenye watu wasioweza kutoka kwa dakika kumi na tano kiwe cha kwanza hata kama moto wake ni wa nadra.

Kabla ya kuiamini ramani, ijaribu. Ficha kumbukumbu za miaka mitatu ya mwisho, tengeneza makadirio bila hizo, kisha uone kama moto uliotokea uliangukia vipande ulivyovitaja. Ukishindwa, mara nyingi chanzo fulani cha moto kimesahauliwa: njia mpya ya bodaboda, tanuri la mkaa, mashamba yaliyobadilisha mmiliki.

Barabara za moto, yaani mistari iliyofyekwa ili kuuzuia moto, hupewa sifa kuliko zinavyostahili, hivyo nazo zitembelewe moja moja. Kwa kipimo cha vitendo, upana uwe angalau mara tatu ya urefu wa ndimi ulizokadiria: kwa ndimi za mita tatu na nusu, zaidi ya mita kumi hadi udongo. Hata hapo cheche huvuka, magamba ya milingoti husafiri mbali, na koni za msindano zinazowaka hubingirika kuteremka na kuwasha upande wa pili. Hitilafu zinazoonekana mara kwa mara ni tatu. Barabara ilifyekwa Mei ikaota tena kabla ya Agosti. Majani yaliyofyekwa yamerundikwa ukingoni, upande wa shamba. Na kila mwenye shamba amesafisha mpaka wake akaishia kwenye kigingi chake, kwa hiyo kati ya mashamba mawili safi kuna mita sita za nyasi ambazo si za mtu, na hapo ndipo moto hupita. Mita hizo ziandikwe kwenye ramani kwa wino mwekundu, na kamati ya maliasili ipange nani anazifyeka na tarehe gani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasimamia uchomaji na vibali vyake, lakini haitakufyekea kipande hicho.

Mvua za kwanza za Novemba zikianza, rudi kwenye vipande vilivyoungua kabla majivu hayajasombwa. Tembea ukingo wote ukiwa na GPS au simu, andika saa moto ulipoanza, upepo ulikotoka, na kila mahali uliposimama. Ulisimama kwenye kijito, kinyungu kibichi, njia ya ng'ombe, barabara iliyofyekwa, au katikati ya nyasi kwa sababu umande uliuwahi? Sehemu hizo ziingie kwenye ramani ya mwaka unaofuata kama mipaka ya vipande. Pale uliposimamishwa na umande tu, weka alama ya kuuliza, na ufyekwe mstari Juni.